Kusaidiwa Kufa na Maradhi ya Akili: Historia ya Mjadala wa Uholanzi

Kanuni ya Adhabu ya Uholanzi ya mwaka 1886 ina vifungu viwili vilivyokaa karibu miaka 90 bila kuzua kelele. Kifungu cha 293 kinamwadhibu anayemuua mtu kwa ombi la mtu huyo mwenyewe. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 12. Kifungu cha 294 kinamwadhibu anayemsaidia mwenzake kujiua. Hapo kifungo hakizidi miaka mitatu. Kujiua kwenyewe hakukuwa kosa. Waingereza walishika njia nyingine: hadi Sheria ya Kujiua ya 1961, aliyejaribu kujiua akanusurika alihesabiwa mhalifu, na mtazamo huo ulisafiri hadi makoloni. Kenya iliubeba katika kifungu cha 226 cha Kanuni yake ya Adhabu mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kinapingana na Katiba.

Kwa kuwa Uholanzi haikumwadhibu anayejiua, swali lake lilimhusu tangu mwanzo mtu wa pili, yaani yule anayeombwa msaada. Na mtu huyo karibu kila mara alikuwa daktari. Ndiyo maana historia ya jambo hili nchini humo imeandikwa zaidi na mahakama zilizowahukumu madaktari kuliko na bunge, na ndiyo maana pia mgonjwa wa akili, ambaye wengi humdhania kuwa mgeni aliyeingizwa katika mjadala siku za karibuni, amekuwamo ndani yake karibu tangu ulipoanza.

Neno eutanasia lilifika katika mjadala huo likiwa na doa. Mwaka 1920 Wajerumani wawili, mwanasheria Karl Binding na daktari wa magonjwa ya akili Alfred Hoche, walitoa kijitabu kilichotetea kuuawa kwa watu ambao maisha yao, kwa maoni yao, hayakuwa na thamani. Walengwa wakuu walikuwa wagonjwa wa akili na watu wenye ulemavu wa akili. Miaka 19 baadaye utawala wa Hitler ulianzisha mpango uliokuja kuitwa T4, kwa kufupisha anwani ya ofisi yake jijini Berlin, na hadi Agosti 1941 zaidi ya wagonjwa 70,000 walikuwa wameuawa katika vituo vyake. Hakuna aliyeulizwa ridhaa yake. Watetezi wa sheria ya Uholanzi wamekuwa wakisisitiza kwamba ombi la mgonjwa mwenyewe ndilo linalotenganisha mambo haya mawili, nao wana haki ya kusisitiza hivyo. Lakini ni ombi hilohilo ambalo ugonjwa wa akili unalitia shaka, kwa sababu kutamani kufa ni mojawapo ya dalili za sonona.

Mwanzo wa kesi zenyewe ulikuwa Noordwolde, kijiji cha mkoa wa Friesland. Mwaka 1971 Geertruida Postma, daktari wa hapo, alikatisha maisha ya mama yake mzazi, ambaye alikuwa amepooza upande mmoja baada ya kuvuja damu kwenye ubongo na ambaye alikuwa ameomba kufa mara nyingi. Februari 1973 mahakama ya Leeuwarden ilimtia hatiani na kumpa kifungo cha nje cha wiki moja. Adhabu hiyo ilikuwa ya jina tu, na kila mtu alilijua hilo. Kijiji kilisimama na daktari wake, na mwaka huohuo kikaundwa Chama cha Eutanasia ya Hiari cha Uholanzi, ambacho baadaye kikawa na wanachama wengi kuliko vyama vingi vya siasa nchini.

Hatua iliyofuata ilitoka kwenye Mahakama ya Juu iliyoko The Hague. Tarehe 27 Novemba 1984 ilitoa uamuzi katika kesi ya daktari aliyeitwa Schoonheim, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemsaidia kufa mgonjwa wake wa miaka 95. Majaji hawakusema kwamba mgonjwa ana haki ya kufa. Walisema kwamba daktari anaweza kujikuta amebanwa kati ya wajibu wa aina mbili, wa kulinda uhai na wa kupunguza mateso, na kwamba akichagua wa pili kwa uangalifu anaweza kujitetea kwa hoja ya dharura ya lazima iliyomo katika kifungu cha 40 cha kanuni ileile ya adhabu. Chama cha Madaktari cha Kifalme nacho kilitoa msimamo wake mwaka huo, kikiorodhesha masharti ya uangalifu. Jambo moja katika kesi hiyo halikupewa uzito wakati ule: bibi yule hakuwa mahututi wa ugonjwa wa kuua. Alikuwa mkongwe, amevunjika nyonga, anaogopa kupoteza fahamu na heshima yake. Kwa hiyo mlango uliofunguliwa mwaka 1984 haukuwekewa sharti la kuwa karibu na kifo. Ukubwa wa mateso ndio uliokuwa kipimo, na mateso si lazima yawe ya mwili peke yake.

Miaka saba baadaye mlango huo ulibishwa. Boudewijn Chabot, daktari wa magonjwa ya akili wa Haarlem, aliunganishwa kupitia chama cha eutanasia na mwanamke wa miaka 50. Mwana wake wa kwanza alikuwa amejiua mwaka 1986, akiwa na miaka 20. Wa pili alifariki kwa saratani Mei 1991, naye akiwa na miaka 20. Ndoa yake ilikuwa imevunjika. Mwili wake ulikuwa mzima. Alikuwa amejaribu kujiua, akakataa dawa na akakataa tiba ya mazungumzo, kwa maelezo kwamba tiba ikifaulu itamfanya mtu mwingine asiye mama wa watoto wale, na hilo hakulitaka.

Chabot alikaa naye kwa saa nyingi kati ya Agosti na Septemba 1991. Alihitimisha kwamba hakuwa na wazimu wala sonona ya kawaida. Alikuwa katika msiba usiokwisha. Aliwaandikia wataalamu saba na kuwapa maelezo ya kina ya mazungumzo yao. Wengi wao walikubaliana naye. Hakuna hata mmoja aliyemwona mwanamke yule ana kwa ana. Mwishoni mwa Septemba, Chabot alimsaidia kufa, kisha akaripoti mwenyewe alichokifanya.

Mahakama ya Assen ilimwachia mwaka 1993, na ya rufaa ya Leeuwarden ikafanya vivyo hivyo. Mwendesha mashtaka alikata rufaa hadi The Hague, na uamuzi wa tarehe 21 Juni 1994 ndio nguzo ya kila kilichofuata. Una sehemu tatu, na kila sehemu ilisomwa kwa namna yake na kila upande. Kwanza, Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba mateso lazima yatokane na ugonjwa wa mwili: uzito wa mateso, ilisema, hupimwa bila kujali chanzo chake, na mgonjwa wa akili anaweza kuwa na utashi kamili wa kuamua. Pili, iliweka breki. Mateso hayawezi kuitwa yasiyo na tumaini ikiwa mgonjwa anakataa kwa hiari tiba ambayo kwa kweli ingeweza kumsaidia. Tatu, pale chanzo cha mateso si cha mwili, mahakama itadai uangalifu wa kipekee, na uangalifu huo una maana moja ya wazi: lazima mtaalamu mwingine huru amwone mgonjwa yeye mwenyewe. Maelezo ya maandishi, hata yawe marefu vipi, hayatoshi. Kwa kosa hilo Chabot alitiwa hatiani, lakini hakupewa adhabu yoyote. Mwaka uliofuata baraza la nidhamu la madaktari lilimpa karipio.

Ukiitazama vizuri hukumu ile, utaona kwamba haikujibu swali gumu kuliko yote, lile la kutofautisha mtu anayetaka kufa kwa sababu ameyapima maisha yake na mtu anayetaka kufa kwa sababu anaumwa. Ililihamisha. Badala ya kusema jibu ni lipi, ilisema nani wawepo chumbani jibu linapotafutwa. Mwenendo huo wa kuongeza jicho la pili, na baadaye la tatu, umekuwa ndio dawa ya Uholanzi kwa kila shaka iliyozuka tangu hapo.

Wakosoaji hawakuridhika. Herbert Hendin, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyejitolea maisha yake kwa kazi ya kuzuia watu kujiua, alikwenda Uholanzi, akazungumza na Chabot na wenzake, kisha akaandika kitabu kikali. Hoja yake ilitoka ndani ya fani yenyewe. Mgonjwa anayemwambia daktari wake kwamba hakuna tena tumaini anamjaribu pia: anataka kujua kama kuna mtu anayeona vinginevyo. Daktari akikubali, mgonjwa amepata jibu. Zaidi ya hapo, daktari naye ni binadamu. Huchoshwa na mgonjwa asiyepona, na uchovu huo unaweza kujivika vazi la huruma bila mwenyewe kujua. Upande wa pili ulijibu kwamba mgonjwa wa namna hii akifungiwa mlango hubaki na njia za kikatili za kujiua akiwa peke yake, na kwamba wako waliorudi kwenye tiba baada tu ya ombi lao kusikilizwa bila kukaripiwa. Hoja zote mbili zimetoka kwa watu waliokaa na wagonjwa kwa miaka, na hakuna iliyowahi kuishinda nyenzake moja kwa moja.

Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili kilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1998 na kimeurekebisha mara kadhaa, toleo linalojulikana zaidi likiwa la 2018. Kwa mujibu wake, ombi la mgonjwa wa akili lazima lichunguzwe na daktari mwingine wa magonjwa ya akili mwenye ujuzi wa maradhi yale hasa, mbali na daktari huru anayedaiwa kwa kila mgonjwa.

Bunge lilikuja nyuma ya mahakama. Muswada uliosimamiwa na waziri wa afya, Els Borst, ulipitishwa na wawakilishi Novemba 2000 na Seneti Aprili 2001, huku maelfu ya waandamanaji, wengi wao Wakristo wa madhehebu ya Kiprotestanti, wakiwa nje. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2002. Kinyume na vichwa vya habari vya wakati ule, haikufuta vifungu vya 1886. Viko mpaka leo. Iliongeza tu kwamba daktari hataadhibiwa ikiwa ombi lilikuwa la hiari na limefikiriwa vizuri, mateso hayavumiliki na hayana tumaini, mgonjwa ameelezwa hali yake, yeye na daktari wameafikiana kwamba hakuna njia nyingine ya busara, daktari mwingine huru amemwona mgonjwa, na tendo limefanywa kwa uangalifu wa kitabibu. Kisha lazima aripoti, na kamati ya mapitio yenye mwanasheria, daktari na mtaalamu wa maadili ipime kama masharti yalitimizwa. Ugonjwa wa akili hautajwi popote. Haukuhitaji kutajwa, kwa kuwa hukumu ya 1994 ilikuwa imekwisha kuuweka ndani.

Mpaka mmoja uliwekwa mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2002. Edward Brongersma, aliyewahi kuwa seneta, alikuwa amesaidiwa kufa mwaka 1998 akiwa na miaka 86. Hakuwa na ugonjwa wa mwili wala wa akili wa maana. Alikuwa amechoka kuishi. Desemba 2002 Mahakama ya Juu ilimtia hatiani daktari wake, bila adhabu, na kusema kwamba mateso lazima yawe na mizizi katika hali inayotambulika kitabibu. Matokeo yake yana ukinzani ambao haujasahaulika. Mzee mwenye akili timamu aliyechoka na maisha hana nafasi katika sheria, ilhali mtu mwenye cheti cha ugonjwa wa akili anayo, ingawa ugonjwa huo ndio unaotia shaka juu ya ombi lake.

Ubelgiji ilifuata Mei 2002 kwa sheria yake, na yenyewe ilitaja mateso ya akili waziwazi. Kwa mgonjwa asiyetarajiwa kufa karibuni, ilidai daktari wa tatu na muda wa kungoja usiopungua mwezi mmoja. Huko mjadala ulifika mahali ambapo wasomaji wa Afrika ya Kati na Mashariki wanapafahamu. Mabradha wa Upendo, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa Ghent mwaka 1807, ndio wenye hospitali nyingi za magonjwa ya akili za Ubelgiji, na ndio haohao wanaoendesha hospitali ya Ndera karibu na Kigali, kituo cha Kamenge mjini Bujumbura na huduma kama hiyo Bukavu. Mwaka 2017 bodi ya tawi la Ubelgiji, ambayo wajumbe wake wengi walikuwa walei, akiwamo waziri mkuu wa zamani Herman Van Rompuy, iliamua kwamba eutanasia ingeweza kufanyika ndani ya hospitali zake. Mkuu wa shirika aliyekuwa Roma, Bradha René Stockman, naye Mbelgiji, alipinga vikali. Baada ya miaka mitatu ya mvutano, Vatikani ilitangaza mwaka 2020 kwamba hospitali hizo hazingeweza tena kuitwa za Kikatoliki.

Mwaka huohuo wa 2020 madaktari watatu walifikishwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama mjini Ghent kwa kifo cha mwanamke wa miaka 38 aliyesaidiwa kufa mwaka 2010 kwa sababu za akili. Waliachiwa huru. Oktoba 2022 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi nyingine ya Ubelgiji, iliyofunguliwa na mtu ambaye mama yake, mgonjwa wa sonona wa miaka mingi, alikufa kwa eutanasia bila yeye kuarifiwa. Majaji walisema sheria yenyewe haivunji haki ya kuishi. Walichokosoa ni mapitio ya baadaye: daktari aliyetenda alikuwa mjumbe wa tume iliyolipitia tendo lake. Jicho la pili lilikuwa jicho lilelile la kwanza.

Uswisi ilikuwa na njia yake, ya zamani zaidi na isiyotegemea daktari kutenda. Kifungu cha 115 cha kanuni yake ya adhabu, kinachotumika tangu 1942, humwadhibu tu anayemsaidia mtu kujiua kwa faida yake binafsi. Mwaka 2006 Mahakama ya Shirikisho ilikubali kwamba mgonjwa wa akili anaweza kuingia humo, ila kwa ripoti ya kina ya mtaalamu. Kanada ilifungua mlango kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2015, ikapanua sheria yake mwaka 2021, kisha ikasita palepale palipo pagumu. Ruhusa kwa wenye ugonjwa wa akili peke yake iliahirishwa hadi 2023, tena hadi 2024, na sasa hadi tarehe 17 Machi 2027, kwa maelezo kwamba huduma za afya hazijawa tayari.

Huko Uholanzi kwenyewe, kwa miaka mingi baada ya 2002 hukumu ya Chabot ilibaki zaidi kwenye karatasi. Mwaka 2010 ziliripotiwa kesi mbili tu za ugonjwa wa akili. Machi 2012 chama cha eutanasia kilisaidia kufungua The Hague kliniki ya kuwahudumia watu ambao madaktari wao wenyewe walikataa. Tangu 2019 inaitwa Kituo cha Utaalamu wa Eutanasia. Mwaka 2013 kesi zilikuwa 42, mwaka 2017 zikawa 83, mwaka 2023 zikafika 138, na mwaka 2024 zikafika 219, kati ya taarifa zote 9,958 za mwaka huo. Kwa hiyo ni kama mbili katika kila mia, sehemu ndogo, lakini ndiyo inayogombaniwa zaidi, hasa kwa kuwa vijana wa chini ya miaka 30 wamo.

Kamati za mapitio huchapisha muhtasari wa kesi bila majina, na mwaka 2016 Scott Kim na wenzake wawili wa Marekani waliusoma muhtasari wa kesi 66 za 2011 hadi 2014. Asilimia 70 walikuwa wanawake. Zaidi ya nusu walikuwa na matatizo ya haiba pamoja na ugonjwa mkuu, zaidi ya nusu walielezwa kuwa wapweke au waliotengwa, na zaidi ya nusu walikuwa wamekataa angalau tiba mojawapo. Katika kesi 16, karibu robo, wataalamu walioitwa hawakuafikiana, na tendo likafanyika. Upweke si ugonjwa, wala hautibiwi hospitalini, na kuukuta umetajwa mara nyingi hivyo kulizua swali ambalo sheria haikulijibu: je, pakiwapo watu wa kumtembelea mgonjwa huyu, mateso yake yangebaki bila tumaini?

Madaktari wa magonjwa ya akili wenyewe walisogea upande usiotarajiwa. Katika uchunguzi wa mwaka 1995, asilimia 53 walisema hawawezi kufikiria kumsaidia mgonjwa wao kufa. Uliporudiwa miaka ishirini na moja baadaye, waliosema hivyo walikuwa asilimia 63. Idadi ya kesi ilipanda huku fani ikirudi nyuma, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya maombi huishia katika kituo kile cha The Hague, ambako mgonjwa wa akili anaweza kungoja muda mrefu kabla ya kuonwa, wakati mwingine mpaka miaka miwili. Foleni hiyo ina ndugu yake: huduma za kawaida za afya ya akili nchini humo nazo zina foleni ndefu, na wakosoaji wameuliza tiba inawezaje kusemwa imeshindwa kwa mtu ambaye bado anaingojea.

Wengi wanaoingia katika foleni ya kituo hawafikii mwisho walioomba. Kati ya wagonjwa wa akili waliopeleka maombi yao huko katika miaka yake ya mwanzo, takriban mmoja kati ya kumi ndiye aliyekubaliwa na kusaidiwa kufa. Wengine walikataliwa, wengi wao kwa sababu palikuwa bado na tiba ya kujaribu. Wengine waliondoa ombi wenyewe, na wako waliokufa, wengine kwa kujiua, kabla jibu halijatoka.